Anayekaa Barazani Hapotezi Muda

Kuna maneno tumeyarudia hadi yanapita kama hekima: mtu wa maendeleo hana muda wa vijiwe. Atoke kazini, afunge geti, ashughulike na yake. Wanaokaa barazani ni wavivu na wambea. Naupinga mtazamo huu, kwa sababu unaumiza watu huku tukiusifia.

Nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, jioni. Birika la kahawa liko juu ya mkaa, vikombe vidogo vinapita mkono kwa mkono, wazee wanabishana kuhusu mpira na siasa. Kila mmoja ana pahala pake panapojulikana. Asipoonekana siku mbili, yuko atakayeuliza, "Bwana yule vipi?", na yuko atakayekwenda kumpigia hodi. Daktari gani angemfikia mapema hivyo?

Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua tafiti 148 za watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai, kwa asilimia 50. Wala si ndugu na marafiki wa karibu tu wenye kufaa. Kule Chicago, watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba baadhi ya abiria wa treni wazungumze na mtu wasiyemjua. Abiria wengine walipoulizwa, walidhani safari ya namna hiyo ingewafurahisha kidogo kuliko ya kukaa kimya. Kumbe waliozungumza walifika na furaha zaidi kuliko waliokaa kimya. Basi hata mama ntilie anapokuuliza, "Wa nyumbani hawajambo?", anakupa kitu.

Umbea upo, sikatai. Lakini jirani anayejua habari zako ndiye huyohuyo atakayejua kwamba umeshikwa na homa usiku.

Ninaowahofia zaidi ni wastaafu. Kazini walisalimiwa kuanzia getini hadi mezani. Siku ya kustaafu salamu zote hizo zinakatika kwa mpigo. Watoto, kwa mapenzi kabisa, wanamjengea baba nyumba nje ya mji, yenye ukuta mrefu na televisheni kubwa, kisha wanashangaa mbona mzee amenyong'onyea. Akiomba arudi mtaani kwake, wanamwambia atulie, apumzike. Mwacheni arudi! Nawe unayechora ramani ya nyumba mwezi huu, weka baraza upande wa barabarani, nje ya ukuta.