Kioo cha Mbele Ndicho Jicho la Abiria

Lupiro ni njia panda. Mtu atokaye Ifakara, akiisha kuvuka mto Kilombero, hufika hapo, na hapo barabara huachana: moja hupanda kwenda Mahenge, na nyingine hulifuata bonde kwenda Malinyi. Mabasi, malori ya mpunga na magari madogo ya abiria hupita hapo kila siku, na mengi kati yao yana jambo moja la kufanana, nalo ni kwamba vioo vyake vya mbele vimechafuka. Kiangazi ni vumbi. Masika ni tope. Na usiku, kwa kuwa nchi ile ni ya mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, ni mbu, nondo na kumbikumbi wasiohesabika, wanaogonga kioo na kugandia hapo hapo.

Huenda wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, wala halistahili kuandikwa katika ukurasa huu ambao umezoea kusema habari za bei ya mazao na haki za wafanya kazi. Sisi twaona si dogo hata kidogo. Gari liendalo mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Dereva akizibwa macho kwa sekunde 3 tu, amekwisha kwenda mita 50 bila kuona aendako. Na katika mita 50 hizo yaweza kuwa yumo mtoto atokaye shule, au mkulima anayesukuma baiskeli yenye gunia, au mchungaji na ng'ombe wake. Hao wote ni wananchi, na hao wote ni mali ya Taifa kuliko gari lenyewe.

Tena uchafu wa kioo una hila. Mchana haumsumbui sana dereva, kwa maana jicho huupenya na kutazama mbali. Lakini jioni, dereva aelekeapo Malinyi na jua la magharibi likimkabili, au usiku taa za lori zinapomjia, kila chembe ya vumbi na kila alama ya mafuta huutawanya mwanga, na kioo kizima hugeuka kuwa shuka jeupe. Ndipo dereva huyo, ambaye kutwa nzima aliapa kwamba anaona vizuri, haoni kitu.

Sasa na tuulize: ni nani anayekisafisha kioo hicho? Ni utingo. Naye amepewa nini na mwenye gari cha kufanyia kazi hiyo? Mara nyingi hakupewa kitu. Hana sabuni, hana kitambaa, na maji ni yale ya mtaroni. Basi hutumia kile ambacho mkono wake umekifikia: kiganja cha mchanga na maji, tambara lililopangusia injini, mafuta ya taa kidogo, au majivu kutoka jikoni kwa mama lishe. Watu humcheka na kusema hana akili. Sisi hatumcheki. Akili anayo, maana anatafuta njia pasipo na njia. Anachokosa ni mafunzo na vifaa, na vyote viwili si vya kukosekana.

Tangu Azimio la Arusha la Februari 1967 tumefundishana kujitegemea. Neno hilo ni zuri, lakini limetumiwa vibaya na wale wanaodhani kwamba kujitegemea ni kutumia chochote kilicho karibu. Sivyo. Kujitegemea ni kukijua kile ulicho nacho: kazi yake, nguvu yake na madhara yake. Vitu vya nyumbani vinavyoweza kusafisha kioo cha gari viko vingi, tena vingine hufanya kazi nzuri sana. Lakini viko pia vinavyokiharibu kioo na kumpofusha dereva. Yafaa tuvitenganishe.

Kwanza mchanga na tope. Hivi ni adui. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, ambamo almasi hupewa 10, chembe za mchanga mweupe hupata 7, na kioo cha kawaida hakifiki 6. Basi mchanga hukikwaruza kioo kama vile kisu kinavyokwaruza ubao. Mikwaruzo hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa maombi, nayo usiku hung'aa kama nyuzi za fedha mbele ya macho. Kwa sababu iyo hiyo, ni kosa kupangusa vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, na ni kosa kuwasha waipa juu ya kioo kilichojaa vumbi bila maji. Vumbi la barabara za udongo ni mchanga uliosagika.

Pili majivu. Akina mama wanayajua tangu kale kwa kusugulia sufuria, na ni kweli kwamba huondoa mafuta. Lakini majivu makavu yana chembe ngumu. Atakaye kuyatumia na ayaloweke katika maji, ayaache yatuame, kisha achukue maji yale ya juu yaliyo safi na kuacha mashapo chini. Maji hayo huyeyusha utando wa mafuta. Ila ni makali kwa mikono na kwa rangi ya gari, kwa hiyo lazima kioo kisuuzwe kwa maji mengi.

Tatu mafuta ya taa. Yana kazi moja tu ya halali, nayo ni kuondoa matone ya lami yaliyogandia. Na baada yake hapana budi kuosha kwa sabuni. Mtu anayepangusa kioo kizima kwa mafuta ya taa hakisafishi, bali anakipaka. Mvua ikinyesha, utando ule huchora rangi za upinde. Taa zikimulika, hung'aa. Na mpira wa waipa huvimba na kuharibika.

Nne ndimu na siki. Hivi ni rafiki. Uchachu wake huyeyusha madoa meupe yanayoachwa na maji ya chumvichumvi ya visimani. Vijiko vichache katika kopo la maji vyatosha. Na wadudu waliokauka, ambao ndio tatizo kubwa la usiku wa Lupiro, hawahitaji kukwanguliwa kwa kisu. Funika mahali pale kwa kitambaa au karatasi iliyolowa, ngoja dakika chache, nao watalainika na kutoka wenyewe.

Tano gazeti. Hatuoni haya kulisema hili, ingawa twaandika katika gazeti. Kioo kikiisha kuoshwa na vumbi lote kuondoka, gazeti kuukuu lililofinyangwa hukausha vizuri kuliko vitambaa vingi, kwa maana haliachi manyoya. Ombi letu ni kwamba lisomwe kwanza.

Liko na jambo la sita, ambalo madereva wazee hulijua: kiazi mbatata kilichokatwa, au tumbaku, kusugulia kioo kwa nje wakati waipa imekufa na mvua inanyesha. Utando wake huyafanya maji yatandae badala ya kusimama matone matone, na dereva huona kidogo. Lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha penye fundi, wala si leseni ya kuendesha mwezi mzima bila waipa. Tangu mwaka 1903, mwanamke wa Marekani aitwaye Mary Anderson alipopewa hataza ya kifutio cha kioo kilichoendeshwa kwa mkono, dunia imekubali kwamba dereva hawezi kutegemea rehema ya mvua. Kiazi hakiwezi kuwa sababu ya mwenye gari kukwepa kununua mpira mpya.

Wala tusisahau upande wa ndani. Jasho, pumzi za abiria, moshi na vumbi hufanya utando usioonekana mchana, na watu wengi huosha nje tu wakadhani wamemaliza. Hao wanafanana na mtu anayenawa uso bila kufungua macho.

Twajua hoja zitakazoletwa. Wa kwanza atasema: mnahangaika na vioo, na barabara za vijijini je? Twamjibu kwamba barabara tutaendelea kuzidai mpaka zitengenezwe. Lakini barabara ni kazi ya miaka, na kioo ni kazi ya dakika 10. Wala mtu hangojei nyumba mpya ndipo aoge. Wa pili atasema: dawa za kusafishia vioo ziko madukani. Ni kweli, na mwenye uwezo azinunue. Lakini kopo la maji, sabuni kidogo, ndimu moja na gazeti kuukuu vitafanya kazi ile ile kwa bei ambayo hakuna mwenye basi anayeweza kusema imemshinda.

Hapo ndipo penye neno letu hasa. Zamani, magari yalipovuka mto Kilombero kwa pantoni, yalilazimika kungoja, na kungoja kulimpa utingo nafasi na maji. Daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, limetuondolea adha ile, nasi twashukuru. Lakini daraja limeondoa pia ile nafasi, na hakuna aliyeirudisha. Siku hizi gari husimama Lupiro kwa kushusha na kupakia tu, na konda huanza kupiga kelele za kuondoka kabla utingo hajalifikia tambara lake.

Kwa hiyo twatoa rai hizi. Kila mwenye gari la abiria au la mizigo na aweke ndani ya gari lake dumu la maji la lita 5, sabuni, vitambaa viwili safi ambavyo havijagusa injini, na magazeti makuukuu. Na gharama hiyo isikatwe katika ujira wa utingo. Dakika 10 za kusafisha vioo, ndani na nje, zihesabiwe kuwa sehemu ya safari, kama vile kujaza mafuta. Vyama vya madereva viwafundishe utingo wao mambo haya, maana utingo wa leo ndiye dereva wa kesho. Askari wa usalama barabarani, wanapokagua leseni na matairi, wakitazame na kioo. Na abiria, badala ya kunung'unika kwamba gari linachelewa, wawe wa kwanza kuuliza: je, Ndugu dereva, unaona?

Wanachama wa matawi yote ya bonde, toka Ifakara hadi Malinyi na Mahenge, twawaomba walichukue jambo hili kuwa lao. Wengi wetu hatuna magari, lakini sote tunapanda ya wengine, na wasiopanda hutembea kando ya barabara. Maisha yetu sote yamo nyuma ya kioo kile. Mwenye gari ambaye hawezi kutoa dumu la maji na kipande cha sabuni kwa ajili ya abiria 40 anaowatoza nauli, huyo hana haki ya kuitwa msafirishaji, na yafaa aambiwe hivyo mbele ya watu.