Wastani wa kundi si ugonjwa wa mtu

Mwaka 2019 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Watumishi 40 wa serikali ya Marekani waliougua maradhi yasiyoeleweka wakiwa Havana, Kuba, walipigwa picha za MRI, wakalinganishwa na watu 48 wenye afya. Sehemu nyeupe ya ubongo, yenye nyuzi za mawasiliano, ilikuwa na wastani wa sentimita za ujazo 542 kwa wagonjwa na 570 kwa wenzao. Watafiti wenyewe walikiri kwamba maana yake kitabibu haijulikani. Wasomaji wengi walikwisha kuamua: bongo zimejeruhiwa, picha hiyo hapo.

Haikuwa hapo. Mwaka 2024 jarida lilelile lilitoa utafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH. Wagonjwa wenye maradhi ya namna hiyo walikuwa 81, na kati ya watafiti alikuwamo Carlo Pierpaoli, mmoja wa waasisi wa upimaji wa nyuzi hizo kwa MRI. Walipozingatia wingi wa ulinganisho waliofanya, hawakuona tofauti ya maana. Bado matokeo ya 2019 yanatajwa kana kwamba hayakupingwa.

Wapo wanaosema MRI haioni kila jeraha. Kweli, na mateso ya wagonjwa hao ni ya kweli pia.

Lakini tofauti ile ya ujazo ya 2019 ni pengo la wastani, na watu wenye afya hutofautiana wao kwa wao zaidi ya hapo. Ili kumwamua mtu mmoja, lazima kwanza kijulikane kipimo cha kawaida. Itazame kadi ya kliniki ya mtoto. Mistari yake haikuchorwa kwa kubahatisha: Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, Oman ikiwamo, ndipo muuguzi akaweza kusema mtoto huyu amepungua uzito. Nyuzi za ubongo hazina kadi ya namna hiyo inayokubalika kila hospitali. Umri huzibadilisha. Mashine nayo hubadilisha namba: kichwa kilekile, mashine mbili, majibu mawili. Sasa mtu anapata wapi ujasiri wa kuchukua picha moja ya nyuzi yenye rangi na kuitangaza kuwa jeraha? Mwaka 2015 wataalamu wa radiolojia wa Marekani walishaandika kwamba ushahidi hautoshi kutumia vipimo hivi kila siku kumtambua mgonjwa mmoja mmoja aliyeumia kichwa. Hata hivyo mawakili huko wanapeleka picha hizo mahakamani.

Ukionyeshwa picha ya namna hiyo, omba kwanza uonyeshwe mistari ya kadi.