Uliza namba ya diski kabla ya kulipa

Mfanyabiashara wa Mazimbu anayesafiri kilometa 190 hivi hadi Kariakoo kununua deki na diski za DVD za mitumba hukagua waya, rimoti na mikwaruzo. Namba ya eneo haangalii. Hapo ndipo mtaji mdogo unapopotea.

DVD zilipoingia sokoni Japan mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kampuni za filamu zilitaka kuamua zenyewe filamu itoke lini na kwa bei gani katika kila nchi. Dunia ikagawanywa katika maeneo sita. Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India, ikapewa namba 5. Afrika Kusini ikawekwa namba 2 pamoja na Uingereza, Japan na nchi za Ghuba. Marekani ni namba 1.

Mgawanyo huo una kichekesho chake. Mazimbu ilikuwa makao ya chuo cha ANC cha Solomon Mahlangu hadi kilipokabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1992. Lakini diski halali iliyonunuliwa Johannesburg kwa namba 2 hukataliwa na deki ya Mazimbu iliyofungwa kwa namba 5.

Tusichanganye namba hiyo na mfumo wa picha. Diski za soko la Uingereza ni za PAL, mistari 625, kama televisheni zetu za zamani. Za Japan na Marekani ni za NTSC, mistari 525. Namba isipolingana, deki hugoma kabisa. Mfumo usipolingana, picha huweza kupoteza rangi au kukimbia.

Maoni yetu ni haya: deki inayopokea namba zote na mifumo yote miwili ni mali, iliyofungwa namba moja ipunguzwe bei. Muuzaji wa jumla naye aandike namba na mfumo kwenye risiti, ili mzigo ukigoma urudishwe bila ugomvi. Leo flashi na simu zimelibana soko la DVD, na faida ya kila kipande ni ndogo. Deki moja ikirudishwa, hula faida ya kadhaa.

Nenda sokoni na diski mbili za majaribio: moja ya Marekani, nyingine ya Uingereza. Zikicheza zote mbili kwa rangi, lipa.