Mto Ruaha Mkuu haukaushwi na ng'ombe peke yake

Makamanda, kila kiangazi kikikolea wimbo ni uleule: Ruaha Mkuu umekauka, wafugaji waondoke. Na sisi majukwaani tunajibu kwa wimbo wetu: waacheni wafugaji. Mvua zikinyesha, wote tunasahau. Leo naomba tuuongelee mto wenyewe.

Maji yanashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, yanaingia bonde la Usangu kule Mbarali, yanatulia kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Mwisho wa Ihefu, Ng'iriama, kuna kizingiti cha mwamba. Maji yakikipita, mto unaendelea: Hifadhi ya Ruaha, Mtera, Kidatu, hadi Rufiji. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kidogo tu, mto umekatika. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 unakatika karibu kila kiangazi.

Sasa mwangalie kiboko (mtanivumilia, nina sababu). Usiku anakula majani nchi kavu, mchana anajisaidia mtoni. Mto ukitiririka, kinyesi kile kinalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki, samaki wanalisha ndege, mamba na watu. Mto ukisimama, viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, kinyesi kilekile kinamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Kiboko hajabadilika. Maji ndiyo yameacha kutembea.

Nani ameyazuia? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walitolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakaishia Pwani na Lindi, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ukahamia huko nao. Mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa ikaichukua Usangu. Mto umepona? Haujapona. Na watafiti waliopima maji ya bonde lile walishaonyesha kwamba maji ya kiangazi yanaishia zaidi kwenye mifereji ya umwagiliaji, mingine ikiachwa wazi hata shamba likiwa halina mpunga. Ng'ombe anakunywa anashiba. Mfereji haushibi.

Jamani, simtafuti adui mpya. Wali wa Mbarali tunaula wote, na mkulima mdogo wa mwisho wa mfereji mara nyingi naye hapati maji. Wala siseme ng'ombe hawana madhara; makundi makubwa yakikanyaga ardhi oevu yanaiharibu kweli. Ninachokataa ni kumfukuza mnyonge mmoja halafu kuita hiyo uhifadhi.

Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mazingira, ndipo shughuli nyingine. Kwa hiyo maji ya kulisha mto yana haki kabla ya shamba la mwekezaji. Huchoti kwa biashara bila kibali. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi na salama. Na kabla ya sheria hizo zote, wakazi wa Tabata walishaishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kuwamwagia taka, kesi ya 1988, na Mahakama Kuu ikasema kuwachafulia hewa ni kugusa haki yao ya kuishi. Hawakuwa na chama nyuma yao. Sisi tunacho, mbona tunaishia kupiga kelele?

Tuanze na swali dogo: nani ana kibali cha kuchota maji Usangu, kiasi gani, na kiangazi anafunga lango au hafungi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaturuhusu kuuliza kama raia, na inataka tujibiwe ndani ya siku 30. Barua nimeshaandika rasimu. Makamanda wa Mbarali na Iringa, nahitaji majina ya mifereji na vijiji vyenu kabla haijaenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Jibu likija, hata likiwa la kutunyima, litawekwa hapahapa.