Mvua ikianza, achaneni na ningu

Kila Aprili naona video zilezile: jamaa ameinua ningu pale mto Nzoia, tumbo limefura mayai, halafu anatufunza ati "huu ndio msimu". Msimu wa nini, msee? Huyo samaki ametoka Ziwa Victoria akapanda mto juu mvua imeanza na maji yamejaa. Anaenda kutaga. Wewe umemngoja mlangoni na nyavu.

Na si mambo mapya. Nyavu zilitegwa kwenye milango ya mito hiyo masika baada ya masika, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Omena angalau ana mwezi: usiku wa mbalamwezi taa hazimvuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika. Ningu hana hiyo bahati. Mto ukifurika, kila mtu anajua atapita wapi.

Mnasema kusoma mvua na mwezi ni akili ya wazee. Sawa, basi someni hadi mwisho. Ngojeni samaki atage, mto ushuke, ndio mtupe ndoana. Mwenye anatafutia watoto chakula sijamtaja. Naongea na wewe mwenye kamera.