Hatuli Nguruwe, Lakini Tegu Wake Anatuhusu

Waislamu wengi wa Tunduma wakisikia habari za tegu wa nguruwe hujiona salama, kwa kuwa nyama hiyo haiingii majumbani mwao. Kwa maoni yetu, huo ni usalama nusu.

Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu bila kuiva hupata mnyoo mrefu tumboni, na mayai ya mnyoo huyo hutoka na choo kikubwa. Mayai yakifika kwenye maji, mchicha au vidole vya mpishi asiyenawa, yeyote atakayeyameza hupata vifuko mwilini, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Utafiti uliofanyika jirani zetu Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta dalili za vifuko hivyo katika damu ya watu wapatao 17 kwa kila 100 waliopimwa.

Je, mwili haujilindi? Unajilinda. Damu itokayo kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, na humo zimo chembe za ulinzi ziitwazo Kupffer, ambazo humeza bakteria na taka. Lakini mtoto wa mnyoo ni mkubwa kuliko chembe moja, hamezeki. Inabidi chembe nyingine nyingi ziitwe zimzingire. Hivyo baadhi ya watoto wa mchango hufia kwenye ini, na wengine huponyoka hadi mapafuni. Wale wa tegu wanaoponyoka hukaa kwenye misuli, hata kwenye ubongo, na vifuko vyao huihadaa kinga kwa miaka. Kifuko kikianza kufa, kinga hushtuka, ubongo huvimba, na kifafa hujitokeza.

Hapo ndipo familia nyingi husema ni majini. Dua isiachwe, lakini mgonjwa apelekwe hospitali apimwe. Tena asinunuliwe dawa za minyoo dukani kiholela, kwani zikiua vifuko vilivyomo kwenye ubongo zinaweza kuzidisha degedege.

Sisi tunastanji kwa maji, na hilo ni jema. Lakini mkono uliostanji usipooshwa kwa sabuni, ndio huo utakaokatakata kachumbari. Basi tunawe kwa sabuni, tuchemshe maji ya kunywa, tuoshe mboga vizuri, na mama lishe wetu wa mpakani tuwadai ndoo ya kunawia kabla ya kudai chakula.