Ganda Zima, Punje Iliyosinyaa

Mmesikia yanayosemwa sokoni Emali kila msimu wa mbaazi. Nimeyasikiliza kwa makini na nayapinga. Nyinyi ndio waamuzi.

Hoja yenye wafuasi wengi ni hii: mbaazi zikisinyaa na ganda halina tundu, mwenye kosa ni ukame, si mdudu. Ina mashiko, kwa sababu Makueni tunaujua ukame, na kiwavi anapoingia kwenye ganda huacha tundu linaloonekana. Lakini hebu pasueni ganda moja. Punje mbili ni nyeusi, zimekunjamana. Katikati yake zimekaa mbili nono. Ukame gani huchagua punje ndani ya ganda moja? Aliyechagua ni kunguni wa mbaazi, Clavigralla tomentosicollis, wa rangi ya kahawia, mwenye vinyweleo na miiba mabegani, urefu wake karibu sentimita moja. Hatafuni. Hupenyeza mrija wake mwembamba katika ganda bichi mpaka kwenye punje, akaingiza mate ya kuilainisha, kisha akafyonza. Kidonda anachoacha ni kidogo mno. Ukikitafuta kwa jicho utakikosa.

Wengine husema mdudu huyu hutoka ghalani na mbegu. Hapo wanamchanganya na fukusi, anayetoboa punje kavu matundu ya mviringo. Kunguni hufuata maganda mabichi, na mayai yake huyataga kwa mafungu hukohuko shambani.

Hoja ya tatu inanikera zaidi: nyunyiza sumu kila wiki tangu miche. Wanaoishikilia ni walewale waliotuambia kwamba mharibifu ni ukame. Tangu lini ukame ukapigwa dawa? Tena mbaazi zetu za msimu mrefu hupandwa kwa mvua za Oktoba na Novemba, zikavunwa mnamo Agosti. Miezi yote kabla ya maganda, sumu hiyo haina kunguni wa kuua. Inayemuua ni nyigu mdogo wa jenasi ya Gryon, anayetaga ndani ya mayai ya kunguni, hata yai likaanguliwa nyigu badala ya adui.

Wanasema pia kwamba bila pampu mkulima hana la kufanya. Analo. Makinda ya kunguni hayana mabawa, na hujazana pamoja kwenye ganda moja. Alfajiri, wakubwa wangali wazito kwa baridi, inamisha tawi juu ya beseni la maji ya sabuni, ulitikise.